Siku Moja Moshi Bila Kupanda Mlima

Wengi wanaokuja Moshi kwa mapumziko hufika na mawazo mawili tu: kupanda mlima, au kupita kuelekea Arusha na mbugani. Asiye na mpango wa mojawapo hukaa hotelini na simu yake, akisubiri wingu liondoke kwenye kilele cha Kibo apige picha. Hali hiyo inanisikitisha, kwa sababu mji huu na vijiji vilivyo juu yake vinatosha kumfurahisha mtu kutwa nzima kwa gharama ndogo, ilimradi ajue aanzie wapi, apande njia ipi na ageuke saa ngapi. Haya ninamwandikia yeye: Mtanzania aliyechukua likizo fupi, Mkenya aliyevuka mpaka wa Taveta na Holili kwa siku mbili tatu, na hata Mchaga aliyezaliwa Dar es Salaam ambaye Moshi anaijua kwa Krismasi peke yake.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukishamaliza kutembea mjini, chagua barabara moja ya kupanda, na nyingine zote ziache kwa siku nyingine. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi wenye vijiji vyake na njia yake. Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu ni kama vidole vya kiganja kimoja: kila kimoja kinaanzia kwenye barabara kuu ya chini, na ukitaka kuhamia kingine, mara nyingi inabidi urudi kiganjani. Kwenye ramani Machame na Kibosho ni majirani wa kupeana chumvi. Kwa gari, aghalabu unashuka hadi barabara ya Arusha ndipo upande tena. Zamani kila upande ulikuwa na mangi wake, yaani mtawala, na mpaka leo kila upande una soko lake, makanisa yake na hata lafudhi yake ya Kichaga. Anayetaka maporomoko ya Materuni asubuhi, Marangu mchana na chemchemi ya Chemka kule Hai jioni, siku yake itaishia ndani ya gari.

Siku yenyewe ichague vizuri. Jumapili asubuhi maduka mengi ya mjini huwa yamefungwa kwa sababu wenyewe wako kanisani, na Ijumaa mchana baadhi hufungwa kwa muda kwa ajili ya swala. Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi ni nzuri zaidi. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za vijijini ziteleze, na katika baridi ya Juni na Julai mlima unaweza kujificha kutwa nzima. Januari na Februari mji una joto kali lakini mlima huonekana vizuri. Kuhusu wiki mbili za mwisho za Desemba, niseme waziwazi: huo ni wakati wa wenyeji. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, mabasi yanajaa, Himo na Marangu Mtoni magari yanabanana, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina sherehe. Kama umealikwa, njoo, hutapata furaha kama hiyo kwingine. Kama hukualikwa na unatafuta utulivu, njoo baada ya watu kurudi makazini.

Amka mapema. Kibo, yenye kimo cha mita 5,895, na Mawenzi yenye mita 5,149, huonekana kabla jua halijapasha msitu joto na kuinua ukungu, halafu tena kuelekea magharibi. Saa nne asubuhi mara nyingi wingu limeshafunga. Kwa hiyo picha zipige kwanza, kisha usiuwaze tena mlima hadi jioni.

Kitu cha kwanza kununua ni kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala inayouzwa sokoni haivumilii uzito wa siku nzima. Kikapu imara cha ukindu kitabeba ndizi, kahawa, sweta na chupa ya maji, na ukirudi nacho nyumbani kitakutumikia miaka. Kipate Soko Kuu au Mbuyuni, ambako ndiko ningependa uanzie siku yako hata kama huna haja ya vyakula.

Soko la Moshi lisome kuanzia chini kwenda juu. Mchele unatoka tambarare, Mabogini na Chekereni, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Ndizi, magimbi, maparachichi na maharage yameshuka kutoka vihambani. Ukifika kwenye ndizi, simama kidogo. Hapo kuna mshare kwa ajili ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, kuna za kuivisha, kuna za pombe, na mama anayeziuza atakueleza tofauti zake kwa furaha ukimuuliza kwa adabu. Karibu naye utaona ulezi na magadi, na pengine magome ya msesewe yanayotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, ili kuipa uchungu wake. Huhitaji kununua kila kitu. Unahitaji kuuliza.

Kuhusu kupatana bei, nina msimamo. Mpe mama shikamoo kwanza, muulize habari za asubuhi, ndipo uulize bei. Fungu la nyanya au mkono wa ndizi ulipe kama ulivyotajiwa, kwa kuwa faida yake ni ndogo mno na huyo mama huenda ameshuka na mzigo huo tangu alfajiri. Nguvu ya kupatana ihifadhi kwa picha za kuchora, vinyago na mashuka ya Kimasai yanayouzwa karibu na hoteli, ambako bei ya kwanza hutajwa kwa kumwangalia mteja alivyovaa. Tembea na noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Malipo ya simu yanakubalika karibu kila mahali mjini, lakini juu vijijini chenji ni shida na mtandao nao hukatika. Picha za watu zisipigwe bila ruhusa. Akina mama wa sokoni hawapendi, na wana haki.

Ukiona njaa, usirudi hotelini. Mama lishe walio kando ya soko wana mtori mzito asubuhi, na bakuli moja lenye nyama litakushikilia hadi mchana. Uulize kama umepikwa kwa mshare. Ndizi nyingine hupikika, lakini mtori wa mshare una ulaini wake.

Sasa nenda kwenye vitenge kabla ya saa tatu na nusu, maana hapa kuna siri ya siku nzima. Katikati ya mji mafundi cherehani wamekaa barazani mbele ya maduka ya vitambaa, mashine yao ikiwa mita chache tu kutoka kwenye kitambaa unachochagua. Ukinunua asubuhi na kumpa fundi kabla hujapanda mlimani, jioni utakuta kazi iko tayari. Ila uwe na kiasi katika unachodai. Sketi ya kawaida, shati, suruali ya lastiki au mfuko vinawezekana kwa siku moja. Gauni la harusi lenye mikunjo na bitana haliwezekani, na fundi atakayekubali kwa sababu anahitaji hela atakushonea vibaya. Mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri aipime. Inasema zaidi kuliko futi kamba. Patana bei ikiwa imejumlisha zipu, vifungo na bitana, lipa nusu, andika namba yake ya simu, na mtajie saa utakayorudi iliyo mapema kidogo kuliko saa unayoihitaji.

Na kitenge chenyewe kikague. Geuza upande wa pili: kitenge kizuri rangi yake imepenya, pande zote mbili zinakaribiana. Lowesha kidole, sugua pembeni, uone kama rangi inatoka. Kikunje mkononi kisha ukiachie. Pamba hubaki na mikunjo, polista hurudi kama haikuguswa. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukifanya hivyo.

Mpaka hapo umetembea vya kutosha, kaa unywe kahawa. Inasikitisha kwamba wageni wengi wa Tanzania hunywa chai ya maziwa Moshi, katika mji uliojengwa kwa kahawa, na kuondoka bila kuionja. Mbegu za arabika zilipandwa na wamisionari Wakatoliki upande wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaichukua kahawa hiyo wenyewe na kuichanganya na migomba yao. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kuilinda kahawa yao dhidi ya walowezi ambao hawakupenda kuwaona Waafrika wakiilima, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake utalisoma kwenye jengo lake hapo mjini. Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake Moshi, na mnada wa kahawa umefanyika hapa kwa miongo mingi. Mkahawa wa Union ni wa ushirika huohuo. Kaa hapo, au kwenye mgahawa wowote unaokaanga kahawa yake wenyewe, agiza isiyo na maziwa walau kikombe kimoja, na unywe polepole.

Kisha nunua ya kupeleka nyumbani, kwa sharti moja: iwe imekaangwa hivi karibuni. Uliza tarehe ya kukaangwa. Kama muuzaji anajua tarehe ya kuisha tu, nenda duka jingine. Ukiwa na kinu nyumbani chukua punje nzima, kwani iliyosagwa hupoteza harufu baada ya siku chache. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania husafirishwa ikiwa mbichi, na thamani ya kuikaanga na kuifungasha hubaki nchi nyingine. Robo kilo iliyokaangwa Moshi na kununuliwa Moshi huacha fedha nyingi zaidi hapa. Ndiyo maana ningependa uondoke na kahawa kuliko kinyago.

Mitumba nitaigusa kwa ufupi, kwa sababu ukiingia soko la Memorial au la Kiboriloni ukiwa mpenzi wa mitumba, siku imeisha. Asubuhi belo zikifunguliwa ndipo nguo nzuri zinapatikana, mchana bei hushuka. Sweta na koti zuri la baridi vinapatikana kirahisi, kwa kuwa wapandaji wa mlima na wapagazi wanavihitaji. Kwa viatu vya ngozi, uliza vya Karanga, vinavyotengenezwa hapahapa Moshi katika kiwanda cha ubia kati ya Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF.

Kabla ya kwenda stendi, pita kituo cha reli kama miguu inaruhusu. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Haiendi kila siku, kwa hiyo ukitaka kurudi nayo uliza ratiba mapema. Basi ni la haraka zaidi, lakini kwa mtu aliye likizo sioni haraka hiyo ni ya nini.

Saa tano au sita, panda. Kama una watoto au wazee, nakushauri Marangu: lami hadi juu, magari mengi, na vitu vya kuona viko karibukaribu. Panda Noah au haisi stendi, kaa upande wa kushoto, kwa sababu mlima uko kushoto ukielekea Himo. Himo gari hugeuka kushoto na kuanza kupanda, na hapo utaona hewa ikibadilika dirishani: vumbi la tambarare linaisha, migomba inaanza, na baada ya muda mfupi utatoa sweta kikapuni. Shukia Marangu Mtoni. Masoko ya huku yana siku zake maalumu za wiki, yakipangwa tangu enzi za mababu ili majirani wasigongane, kwa hiyo muulize konda au mwenyeji wa hoteli yako siku ya soko ni lini kabla hujapanga safari. Ukiikuta, utaona wanawake ndio wenye soko: wanauza, wananunua, wanakopeshana na kupeana habari za ukoo mzima.

Kutoka Mtoni unaweza kutembea kwa miguu hadi maporomoko ya Kinukamori, ambayo yana kiingilio kidogo. Upande wa Mamba, jirani na Marangu, wapo wahunzi ambao ukoo wao umefua chuma kwa vizazi. Hapo usiende kama mtu wa makumbusho. Nenda kama mteja: agiza kisu cha jikoni, mundu au kengele ya ng'ombe, ukae uangalie kinavyotoka kwenye moto. Ukirudi kwa ndege, kisu kiweke kwenye mzigo unaopakiwa chini. Geti la Hifadhi ya Kilimanjaro lipo juu zaidi, na kulifikia ni bure, lakini ukilivuka unalipa ada ya hifadhi. Kwa siku ya kuzurura si lazima.

Mtu mwenye miguu mizuri na asiye na watoto aende Uru, hadi Materuni, kama kilomita 15 kutoka mjini. Huko utatembea kati ya vihamba hadi kwenye maporomoko, na wenyeji watakuonyesha kahawa inavyomenywa, kukaangwa kwenye chungu na kutwangwa kwenye kinu. Kabla hujaanza, patana na kijana atakayekuongoza: bei ni kiasi gani, imejumlisha nini, kiingilio cha kijiji kimo au hakimo. Makubaliano ya wazi mwanzoni huondoa manung'uniko mwishoni, kwenu nyote wawili.

Old Moshi ni ya mwenye moyo wa historia. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na kuna mti unaoelezwa kuwa ndio ule. Kwa miaka mingi ukoo wake umeitafuta huko Ujerumani sehemu ya mwili wake iliyochukuliwa. Ukienda, nenda kwa heshima, na usiiweke ziara hiyo katikati ya manunuzi.

Popote utakapopanda, kumbuka kwamba unatembea ndani ya mashamba ya watu. Kihamba ni nyumba, ni shamba na ni makaburi ya ukoo kwa pamoja, na vichochoro vinavyoonekana vya umma hupita uani kwa mtu. Salimia kila unayekutana naye. Masale, yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa mstari, ni mipaka na alama ya amani kwa Wachaga. Usiyachume kwa ajili ya picha. Mifereji midogo ya maji unayovuka, mifongo, ilichimbwa kwa mikono kuyaleta maji kutoka makorongoni, na watu bado wanagawana maji yake kwa zamu, kwa hiyo usioshee viatu humo. Ukikaribishwa mbege, pokea kata kwa mikono miwili na onja. Ni tamu na chungu kwa pamoja, na inashibisha kama uji. Aliyeshika usukani asionje kabisa. Barabara hizi zina kona kali na watoto wa shule.

Chakula cha mchana ukile huko juu: vyakula vya ndizi kama machalari, au kiburu kama utakipata, au nyama choma na ndizi za kuchoma. Kiagize mapema, kisha utembee wakati kinaiva, kwa maana hupikwa ukishaagiza.

Kushuka ndiko kunakowatia wageni matatani. Magari ya kutoka vijijini kwenda mjini hupungua sana jua likianza kuzama, na giza Kilimanjaro huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Ukishuka garini huko juu, muulize konda gari la mwisho la kurudi ni la saa ngapi, kisha wewe uwe barabarani saa moja kabla ya hapo. Bodaboda ya usiku kwenye mteremko wenye lami iliyolowa siishauri kwa mtu yeyote, hata kwa bei ya bure. Saa kumi na moja uwe Moshi mjini: fundi huwa bado yuko barazani, na kama nguo inabana begani, bado kuna mwanga wa kutosha kuirekebisha ukiwa umeivaa.